Tunahesabu vijiko vya sukari, moyo tumeusahau

Katika harusi zetu za Pwani, mwenye ugonjwa wa sukari utamjua kwa namna anavyokataa. Halua anaipitisha kwa jirani. Chai anaomba isiyotiwa sukari, na mwenyeji anaitikia kwa huruma. Kisha linakuja sinia la biriani, nyama ya mbuzi inayong'aa kwa mafuta, sambusa pembeni na achari yake, na hapo mkono hausiti tena. Hakuna anayemkataza. Sote tumekubaliana kwamba adui ni sukari, na sukari ameshaikataa.

Makubaliano hayo yanatugharimu roho za watu. Kinachowaua wengi wa wenye kisukari duniani ni moyo na mishipa ya damu: mshtuko wa moyo, kiharusi, na moyo kuchoka hadi ukashindwa kusukuma damu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jina tulilolipa gonjwa hili, "sukari", limetufanya tupime kitu kimoja, tukataze kitu kimoja, na tutengee bajeti kitu kimoja, ilhali mgonjwa amebeba hatari nne au tano kwa pamoja. Na mengi yanayoweza kufanywa kuzipunguza hatari hizo yamo ndani ya uwezo wa kaunti zetu sita, kuanzia Lamu hadi Kwale, Tana River hadi Taita Taveta.

Si habari mpya

Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti waliandikisha watu 5,209 na wakaanza kuwapima kila baada ya miaka miwili ili kujua ni nani hupata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Mwaka 1979, William Kannel na Daniel McGee walichapisha walichokiona kwa wenye kisukari baada ya ufuatiliaji wa miaka 20: hatari yao ya kupata maradhi ya mishipa ya damu ilikuwa mara mbili hadi tatu ya wenzao wasio na kisukari. Kwa wanawake tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Mwanamke ambaye kwa kawaida moyo wake una nafuu kuliko wa mwanamume wa umri wake, akipata kisukari hupoteza sehemu kubwa ya nafuu hiyo.

Mwaka 1998 ukaja utafiti kutoka Finland ulioshtua madaktari wengi. Watafiti waliwalinganisha watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo lakini hawana kisukari, na watu wenye kisukari ambao hawajawahi kupata mshtuko wa moyo. Katika miaka 7, kundi la kwanza asilimia 18.8 walipata mshtuko mwingine. Kundi la pili, wenye kisukari, asilimia 20.2 walipata mshtuko wao wa kwanza. Kwa maneno mengine, kuwa na kisukari kulikuwa karibu sawa na kuwa umeshapigwa na moyo mara moja. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mwenye kisukari ana hatari kubwa kiasi hicho. Inategemea umri, miaka aliyougua, figo, presha na sigara. Lakini onyo lenyewe halijafutwa.

Sababu yake inaeleweka. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu ngozi laini iliyo ndani ya mishipa. Ngozi hiyo ikishachubuka, kolesteroli mbaya hupata pa kupenya na kujikusanya, mshipa ukawa mwembamba na mgumu. Damu nayo huwa nyepesi kuganda. Tena kisukari cha ukubwani mara nyingi huja na wenzake: presha, kitambi, na mafuta ya damu yaliyovurugika. Kila mmoja wao humsaidia mwenzake kuharibu mshipa uleule. Ndiyo maana ukiufunga mlango wa sukari peke yake, nyumba bado iko wazi.

Kuna jambo moja ambalo kila nyumba yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Kisukari cha muda mrefu hudhoofisha neva, zikiwemo zinazopeleka habari za maumivu kutoka kwenye moyo. Kwa hiyo mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona kwenye filamu. Huenda akatoka jasho jembamba, akakosa pumzi, akahisi kichefuchefu au kuchoka ghafla bila kazi. Nyumbani watu husema, "Sukari imemshuka huyo," wakamletea soda na kumlaza. Sukari huweza kushuka kweli, na kipimo cha kidole kitasema hivyo kwa dakika moja. Lakini kipimo kikionyesha sukari haijashuka, au hali ikabaki vilevile baada ya kunywa kitu kitamu, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kupepewa.

Kushusha sukari pekee hakutoshi

Kama adui angekuwa sukari tu, basi kuishusha kabisa kungeukinga moyo kabisa. Wamarekani na Wakanada walilijaribu hilo. Utafiti ulioitwa ACCORD uliwachukua watu 10,251 wenye kisukari na hatari kubwa ya moyo. Nusu yao walipewa dawa kwa nguvu ili sukari ishuke hadi kiwango cha mtu mzima asiye na ugonjwa. Mwaka 2008 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kundi lililoshushwa sukari kwa nguvu walikuwa wamefariki watu 257. Katika kundi lililotibiwa kwa kiasi, 203.

Asije mtu akanisoma nusu nusu na kutupa dawa zake. Kudhibiti sukari mapema na kwa utaratibu huokoa macho, figo na miguu, na utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS ulionyesha mwaka huohuo wa 2008 kwamba waliodhibiti sukari tangu mwanzo walipata mishtuko michache ya moyo miaka 10 baada ya utafiti kwisha. Somo la ACCORD ni jingine: huwezi kuukinga moyo wa mwenye kisukari kwa kufukuzana na namba moja.

UKPDS wenyewe ulikuwa umetoa dalili hiyo miaka 10 nyuma. Mwaka 1998 watafiti wake walieleza kwamba wagonjwa waliodhibitiwa presha kwa makini zaidi walikuwa na vifo vinavyohusiana na kisukari pungufu kwa asilimia 32, na kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Tofauti ya presha kati ya makundi mawili ilikuwa pointi 10 tu kwenye namba ya juu, 144 dhidi ya 154. Pointi 10 hizo ni kitu ambacho vidonge vya bei nafuu na kupunguza chumvi vinaweza kukifikia.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni mdogo kwa idadi. Nchini Denmark, kuanzia 1993, wagonjwa 160 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili lilishughulikiwa kila kitu kwa pamoja: sukari, presha, kolesteroli, chakula, mazoezi na sigara. Baada ya takriban miaka 8, matukio ya moyo na mishipa katika kundi la pili yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Wale watu waliendelea kufuatiliwa hadi ikatimia miaka 21, na ikaonekana kwamba kundi lililotibiwa kwa ujumla lilikuwa limeongezewa umri wa karibu miaka 8. Hiyo ni miaka 8 ya baba kuwasomesha watoto wake, ya nyanya kuwaona wajukuu.

Turudi kwenye sahani

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndiko tunakobishana zaidi. Tuanze na kiamsha kinywa kinachotutambulisha: mahamri na mbaazi za nazi.

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake huko Toronto walichapisha njia ya kupima jinsi kila chakula cha wanga kinavyopandisha sukari ya damu, kwa kukilinganisha na glukosi. Jamii ya kunde ilikuja chini kabisa. Wanga wake umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na protini, tumbo hulazimika kuufungua polepole, na sukari huingia kwenye damu kwa mwendo wa mtumbwi. Mbaazi ni katika jamii hiyo, pamoja na kunde, pojo na maharagwe. Hamri, kwa upande wake, ni unga mweupe uliopepetwa, ukatiwa sukari, ukazamishwa kwenye mafuta. Kwa hiyo katika sahani ileile mna chakula kinachomfaa mwenye kisukari na kinachomdhuru. Kinachoamua ni kiasi: bakuli la mbaazi na hamri moja ni mlo tofauti kabisa na mahamri matano yaliyochovywa kidogo kwenye mbaazi. Wali ni vivyo hivyo. Anayejaza nusu ya sahani mchicha, tembele au mnavu, robo samaki au kunde, na robo wali, amekula chakula cha Pwani bila kukikimbia.

Mafuta ndiyo sehemu tusiyoizungumza. Mwaka 1990 Waholanzi wawili, Ronald Mensink na Martijn Katan, waliwalisha watu 59 vyakula vyenye mafuta ya aina mbalimbali na kuwapima damu. Mafuta ya transi, yale yanayotengenezwa kiwandani kwa kuyaongezea haidrojeni mafuta ya maji hadi yagande nusu, yalifanya mambo mawili kwa mpigo: yalipandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Denmark ikawa nchi ya kwanza kuyawekea kikomo mwaka 2003: yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2011. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe, na Januari 2024 likazitunuku nchi 5 za kwanza zilizoweka sheria nzuri na kuisimamia kwa dhati. Miongoni mwao ni Saudi Arabia, nchi ambako vijana wengi wa Pwani wanafanya kazi. Yaani dada yetu aliye Jeddah analindwa na sheria inayopimwa sokoni hata anaponunua biskuti. Aliyebaki Likoni au Malindi naye ana haki ya ulinzi huohuo, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa ni maabara gani hupima mafuta yanayouzwa madukani kwetu, na majibu yake yanawekwa wapi wananchi wayaone. Kwa sasa, ukiona neno "hydrogenated" kwenye pakiti, irudishe rafuni.

Mafuta ya kuganda yanayotokana na mawese ni suala la pili. Hata yasipokuwa na transi, karibu nusu yake ni mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli mbaya. Mafuta ya maji ya alizeti au ya soya yana nafuu zaidi kwa moyo, ila nayo yana shida yake: ukiyachemsha tena na tena yanaharibika. Karai la viazi, bhajia au samaki likikaa motoni siku nzima, kisha mafuta yaleyale yakaongezwa kidogo kesho na keshokutwa, joto, hewa na maji ya chakula huyavunja na kuzaa kemikali mpya. Wanasayansi wa chakula huzipima kwa jumla yake, na Ujerumani na Ufaransa zimeweka kikomo: zikifika takriban robo ya mafuta yote, asilimia 24 kwa Wajerumani na 25 kwa Wafaransa, mafuta hayo humwagwa. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba mafuta yaliyochemshwa mara nyingi hupandisha presha na kuumiza mishipa. Jikoni huhitaji maabara kuyatambua: yamekuwa meusi, mazito, yana povu lisilotulia, yanatoa moshi mapema na kuacha ladha kali kooni.

Na nazi je? Hapa najua nitagusa mshono. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa sana ni mafuta mazito, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyoganda, hupandisha kolesteroli mbaya. Watetezi wa nazi hutaja visiwa vya Pasifiki, na wana haki ya kuvitaja. Utafiti wa 1981 kuhusu visiwa vya Tokelau na Pukapuka ulikuta kwamba watu wa Tokelau walipata asilimia 63 ya nguvu zao za chakula kutoka kwa nazi, na maradhi ya mishipa yalikuwa machache. Lakini tuisome habari yote. Kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya jirani zao wa Pukapuka waliokula nazi kidogo. Tena watu hao waliishi kwa samaki na mazao ya kisiwani, sukari na unga mweupe vilikuwa haba, na kazi zilikuwa za mikono. Sisi tumeichukua nazi yao, tukaiongezea chipsi, soda, bodaboda na kiti cha ofisini. Sisemi tuache tui. Mboga iliyotiwa tui jepesi haina kosa kubwa. Ila mwenye kisukari hawezi kula wali wa nazi, mchuzi wa nazi na mahamri ya nazi katika siku moja kisha akasema amekula kama mababu.

Habari njema zipo, na ziko sokoni kwetu. Nchini Hispania, utafiti wa PREDIMED uliwahusisha watu 7,447 wenye hatari kubwa ya moyo, karibu nusu yao wakiwa na kisukari. Waliokula chakula cha asili cha Mediterania kilichoongezwa mafuta ya zeituni au lozi na jamii yake walipata matukio makubwa ya moyo na kiharusi pungufu kwa takriban asilimia 30. Zeituni kwetu ni ghali. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chennai, India, waliwapa wagonjwa wa kisukari gramu 30 za korosho zisizotiwa chumvi kila siku, katika jaribio la watu 300 lililochukua wiki 12. Walioila korosho walipata kolesteroli nzuri zaidi na presha yao ya juu ikashuka, na uzito haukuongezeka. Gramu 30 ni konzi moja. Korosho zinalimwa Kilifi na Kwale, simsim inalimwa Lamu. Tunaziuza nje na kwa watalii, kisha tunakwenda kununua biskuti.

Samaki pia ni wetu, mradi asizamishwe kwenye karai lile jeusi. Samaki wa kuchoma, wa kupaka au wa mchuzi ndiye mwenye faida. Na asikudanganye mtu kwa vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa kwa maelfu ya shilingi: utafiti wa Uingereza uitwao ASCEND uliwapa wenye kisukari vidonge hivyo, katika jaribio la watu 15,480, na mwaka 2018 ukaripoti kwamba havikuwakinga na matukio ya moyo kuliko vidonge bandia. Fedha hiyo kanunulie changu au dagaa.

Mwisho kabisa kwenye sahani ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyofichwa ndani ya mkate, vitoweo vya pakiti, achari na samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Ule muhogo wa jioni pale Mama Ngina una chumvi na pilipili. Pilipili na ndimu zibaki. Chumvi ndiyo ipunguzwe.

Kaunti ina nini mkononi

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya Wakenya wazima wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Waliokuwa hawajawahi kupimwa sukari walikuwa karibu 9 kati ya 10. Mahali hapo ndipo pa kuanzia. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye kipimo cha sukari na mashine ya presha. Vifaa hivyo viwili vinatembea pamoja katika mkoba mmoja, kijiji kwa kijiji. Kinachotakiwa ni agizo rahisi la idara ya afya ya kila kaunti: anayepimwa sukari apimwe presha hapohapo, namba zote mbili ziandikwe katika kitabu kimoja, na betri na vijiti vya kupimia visikose. Kipimo kisicho na vijiti ni pambo.

Pili ni dawa. Mwaka 2004 utafiti wa CARDS, uliofanywa Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba kidonge kidogo cha statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37. Statini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Hakuna sababu ya mgonjwa wa Ganze au Lunga Lunga kuipata tu baada ya kupelekwa hospitali ya rufaa Mombasa, wakati moyo umeshaumia.

Hapa ndipo SHA inapoingia. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na sheria imeunda mifuko mitatu. Mmoja ni wa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Mwingine ni wa dharura na magonjwa sugu, unaofunguka mgonjwa anapokuwa amemaliza kinga yake ya kawaida. Mjadala wetu wote redioni umekuwa juu ya huo wa mwisho: nani atalipia figo, nani atalipia upasuaji. Ni mjadala halali. Lakini kila shilingi inayokosekana kwenye mfuko wa kwanza, kwa presha na kolesteroli ambazo hazikutibiwa, itadaiwa mara nyingi kwenye mfuko wa mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu ni leseni. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Afisa wa afya ya umma akipita kibandani leo huangalia cheti cha afya, choo na usafi. Aangalie na karai. Vipo vipimo vya karatasi vinavyobadilika rangi kuonyesha mafuta yaliyokwisha, na matumizi yake hayahitaji shahada.

Najua jibu litakalokuja: mnataka kuwafukarisha akina mama wa mahamri na vijana wa viazi karai. Hoja hiyo ina uzito. Mafuta ni ghali, na anayerudia karai hafanyi hivyo kwa ubaya, anafanya hivyo ili faida ibaki. Kwa hiyo kaunti isianze na faini. Ianze na mafunzo, ianze na mpango wa kukusanya mafuta yaliyotumika, ambayo katika nchi nyingine hununuliwa kutengenezea dizeli na sabuni, ili mwuzaji apate chochote anapoyamwaga. Faini ije mwisho kabisa. Na tusisahau kwamba mama huyohuyo wa mahamri anayachota mafuta hayo kuwapikia watoto wake jioni.

Msomaji, sheria ya fedha za umma inaitaka kila kaunti ipeleke mkakati wake wa fedha bungeni kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda kuomba barabara na taa za mtaani. Safari hii mmoja wetu asimame amuulize mwakilishi wadi wake maswali matatu: zahanati yetu ina mashine ya presha inayofanya kazi? Ina statini? Vijiti vya kupimia sukari vimetengewa shilingi ngapi mwaka huu?

Na anayekwenda kliniki wiki hii, akiambiwa sukari yake ni ngapi, asiinuke kitini. Aulize presha yake ni ngapi, kolesteroli yake ni ngapi, na miguu yake imetazamwa lini mara ya mwisho. Namba hizo aziandike, azirudishe nyumbani, azisome pamoja na anayepika.